Shimo la moramu Moshono: chora mwisho kwanza, ndipo uite kijiko

Swali: Shikamoo mhandisi. Marehemu baba alituachia eneo la moramu hapa Moshono, Arusha. Karibu na geti kuna shimo alilochimba yeye, kama mita 20 kwa 30, kina mita 6, na ukuta wake umesimama wima upande wa jirani. Nyuma ya hilo shimo kuna ekari 2 ambazo hazijaguswa. Udongo wa juu usio na moramu ni futi 5 au 6. Tumepata mteja wa kudumu, na mwenye kijiko (mashine ya kuchimbia) anasema tushuke mita 10 moja kwa moja, kufukia tutafukia baadaye. Barabara ya kutokea ni mita 400 hivi, inapita kati ya korongo na mpaka wa jirani. Masika haipitiki, kiangazi vumbi linaingia mpaka jikoni kwa watu. Mwenyekiti wa mtaa amesema hatusainii kitu mpaka aone mpango wa kurejesha ardhi. Je, tuanze na barabara au na huo mpango? Na tutenge hela kiasi gani?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni na msiba.

Mwenyekiti wenu kawasaidia bila kujua. Umeuliza barabara au mpango, kama vile ni kazi mbili. Ni mchoro mmoja. Njia inayotoa moramu ndiyo itakayorudisha udongo shimoni. Urefu wa njia hiyo ndio unaoamua kina cha shimo, kina ndicho kinachoamua kuta zilale kiasi gani, na kuta zikishalala ndipo mtajua mmebakiwa na shamba au na handaki. Kwa hiyo kaeni ndugu wote, mchore kwanza eneo litakavyoonekana siku tipa la mwisho linatoka getini, halafu mrudi nyuma hatua kwa hatua mpaka leo.

Kabla ya mchoro wowote, lakini, kuna ule ukuta wa baba. Mita 6 wima kwenye moramu si ukuta, ni kitu kinachosubiri. Moramu yetu ya miguuni mwa Meru ni mawe mepesi yenye matundu, yaliyorushwa na volkano yakatua kwa matabaka. Katikati ya matabaka hayo mara nyingi kuna utando wa majivu laini. Kiangazi ukuta unasimama vizuri kabisa, unaweza hata kuegemea. Mvua ikinyesha maji yanapita haraka kwenye matundu, yakifika kwenye majivu yanasimama, tabaka linateleza, na hakuna ufa utakaokuita kwa jina kukuonya. Nyie wa Moshono hamhitaji kuhadithiwa: mwanzoni mwa Aprili 2013, masika yakiwa yameanza, machimbo ya moramu huko huko kwenu yaliporomoka yakaua watu zaidi ya kumi waliokuwa wakichimba na kupakia chini yake. Basi kuanzia leo hakuna kijana wa sepetu kusogea chini ya ukuta huo, hata kwa tripu moja ya dharura. Zungusheni miiba au waya, juu na chini. Dawa yake ya kudumu nitaieleza, na haitawagharimu mnavyodhani.

Mnataka kubaki na nini?

Hili ndilo swali la kwanza la mpango, na majibu mengi ninayoyasikia ni ya kujifariji. Bwawa la samaki? Moramu inavuja kama chekecheo. Mtalipia karatasi la plastiki na pampu maisha yenu yote. Viwanja vya nyumba? Udongo uliojazwa unaendelea kushuka kwa miaka, na nyumba juu yake itapasuka kabla hamjamaliza kupaka rangi. Dampo la taka, ambalo kuna mtu atakuja kuwapendekezea na pesa mkononi, kataeni kabisa: maji machafu yatashuka kwenye moramu moja kwa moja hadi kwenye maji ya chini ambayo watu wa huko mabondeni wanayachota.

Kwa ekari 2 za Moshono mimi ningechagua shamba la ngwara, jamii ya maharage, na majani ya ng'ombe kwenye sakafu, miti kwenye miteremko. Sakafu iliyo chini ya usawa wa ardhi ina faida moja, upepo haupigi sana na unyevu unakaa. Tuseme ndivyo. Sasa shamba linataka miteremko ambayo mtu na ng'ombe wanaweza kushuka, na udongo wa juu usiooshwa na mvua. Hiyo ni 1 kwa 2, yaani ukishuka mita 1 unakuwa umesogea mbele mita 2. Ukiweza 1 kwa 3 ni bora zaidi, ila kwa eneo dogo kama lenu itakula kila kitu.

Hesabu ya mwenye kijiko na hesabu yangu

Chukulia ekari 2 zenu ni mraba, karibu mita 90 kwa 90. Acheni mita 5 kila upande kati ya mpaka na ukingo wa shimo. Mnabaki na 80 kwa 80.

Mkishuka mita 10 kama anavyotaka, na mwisho kuta zilale 1 kwa 2, kila upande mteremko unaingia ndani mita 20. Sakafu inabaki mita 40 kwa 40. Mtakuwa mmetoa jumla ya mita za ujazo 37,300 hivi, udongo wa juu ukiwemo.

Mkishuka mita 7 tu kwa miteremko hiyo hiyo, sakafu inakuwa 52 kwa 52 na mnatoa kama 30,900. Angalia hapo: zile mita 3 za mwisho, ambazo ni karibu theluthi ya kina chote, zimewaongezea mita za ujazo 6,400 tu, kwa sababu shimo linazidi kuwa jembamba kadiri linavyoshuka. Na ndizo mita ghali kuliko zote, kwa mafuta, kwa maji yanayotuama, na kwa hatari.

Sasa njoo kwenye njia ya kushukia. Tipa lililobeba halitakiwi kupanda mwinuko unaozidi asilimia 10, yaani mita 1 juu kwa kila mita 10 za mbele. Kwa kina cha mita 10 unahitaji njia ya mita 100, na upande wa shimo lenu ni mita 80. Haiingii. Itabidi ikate kona ndani ya shimo, na kona inataka sehemu tambarare na pana ili gari ligeuke. Mwenye kijiko hatafanya hivyo. Nawajua: atawakatia njia ya mwinuko wa asilimia 15 au 20, Fuso litapanda kwa gia namba moja likilia, litaua klachi, na siku breki zikigoma likiwa na mzigo litarudi kinyumenyume juu ya wapakiaji. Kwa kina cha mita 7 njia ni mita 70, inalala yote kwenye upande mmoja, nyoofu, dereva anaona mwanzo na mwisho.

Utaniuliza, si tumepoteza zile 6,400? Hapana, na hapa ndipo huo udongo wa futi 5 mnaoulaani unapogeuka kuwa mali. Badala ya kuchimba kuta zikiwa 1 kwa 2 tangu mwanzo, chimbeni kwa ngazi ambazo kwa jumla yake zinatoa mteremko wa 1 kwa 1, kila ngazi isizidi mita 3 kwenda juu, halafu mrudishie udongo usiouzika kwenye kuta mpaka zilale 1 kwa 2. Kwa kina cha mita 7 utakuwa umetoa mita za ujazo 37,400. Ni zile zile za mita 10, kwa njia ya mita 70 na sakafu pana zaidi. Kulaza kuta kunahitaji udongo wa kujazia kama mita za ujazo 6,500.

Upo? Upo na unazidi. Tuseme juu kuna sentimita 25 za udongo mweusi wenye rutuba, na chini yake mita 1.5 za udongo usio na faida sokoni. Huo wa pili, kwa eneo la 80 kwa 80, ni mita za ujazo 9,600. Ukishachimbuliwa unavimba kwa asilimia 20 hivi, unakuwa 11,500. Shimo la baba linahitaji 3,600. Kuta za shimo jipya 6,500. Jumla 10,100. Umebaki na akiba, ingawa kushindilia kutaila kiasi.

Hizi ni hesabu za mraba wa kufikirika, na njia ya kushukia itakula kiasi fulani cha moramu pia. Mpeni fundi wa upimaji apime eneo halisi, atoe namba zenu. Lakini uwiano hautabadilika sana.

Utaratibu wa kuchimba

Gaweni ekari 2 mara tatu, vipande vitatu vya kukatiza eneo. Njia ya kushukia ianzie getini, ifuate upande ulio mbali na jirani, ifike sakafuni huko mwisho kabisa. Kipande cha kwanza kuchimbwa ni hicho cha mwisho, mbali na geti, halafu mnarudi nyuma kuelekea getini. Wengi huanza karibu na geti kwa sababu ni rahisi, kama alivyofanya mzee. Matokeo yake shimo linakaa katikati ya njia, na kila udongo mnaotaka kurudisha unatakiwa kuzunguka shimo lenyewe.

Kipande cha kwanza kikifunguliwa, udongo wake usiouzika, kama mita za ujazo 3,200 kabla ya kuvimba, 3,800 baada ya kuvimba, uende wote kwenye shimo la baba. Linajaa karibu lote. Hiyo ndiyo dawa niliyokuahidi: hamnunui kifusi, hamkodi gari la ziada la mbali, na mwenyekiti anaona shimo la kwanza limefukiwa kabla hata hamjauza sana. Ila fanyeni kwa akili. Kijiko kisisogee chini ya ukuta. Waanze kumwaga upande wa pili wa shimo, wasogee polepole kuelekea ukutani, na mashine ikae mbali na ukuta kwa umbali usiopungua urefu wa ukuta wenyewe mpaka udongo uwe umepanda vya kutosha kuukumbatia. Jazeni kwa tabaka za sentimita 30, zimwagiwe maji kidogo na kupitiwa na magurudumu au rola. Mtu akimwaga mita 6 kwa mkupuo mmoja, masika ijayo mtakuta dimbwi mahali palipokuwa na shimo.

Kipande cha pili kikifunguliwa, udongo wake unakwenda kulaza kuta za kipande cha kwanza. Cha tatu kinalaza za pili na zake. Kwa hiyo wakati wowote ule hamna zaidi ya theluthi moja ya eneo iliyo wazi. Ukichelewesha yote mpaka mwisho, mwisho huwa ni pesa imeisha, mteja kahama, na kijiko kiko Babati.

Udongo mweusi wa juu ni habari nyingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Usichanganywe na kitu. Uondolewe peke yake, kwanza, ukiwa mkavu. Ndani yake kuna mbegu, mizizi na wadudu wanaoufanya uwe udongo na si vumbi. Miaka mingi iliyopita, kwenye kazi moja upande wa Moshi, tulirundika udongo wa namna hiyo kilima cha mita 5 na tukauacha zaidi ya miaka miwili. Tulipoufungua ulikuwa unanuka kama mtaro, umekufa katikati. Tuliusambaza hivyo hivyo kwa sababu tarehe ya kukabidhi ilikuwa imefika. Hata magugu hayakuota vizuri, na aliyesaini kwamba kazi imekamilika ni mimi.

Kwa hiyo rundo lisizidi mita 2 kwenda juu, na lipandwe nyasi au ngwara mara moja. Kwenu kuna njia nzuri zaidi. Udongo mweusi wa kipande cha kwanza ni kama mita za ujazo 530. Jengeni nao tuta kuzunguka eneo, kwenye zile mita 5 za kando, likae upande wa nje, kimo mita 1.2 na upana wa chini mita 3. Karibu wote unaingia humo. Tuta hilo linazuia maji ya juu yasimiminike shimoni, linapunguza vumbi na kelele kwa majirani, na mbuzi wanalazimika kufikiri mara mbili. Udongo mweusi wa kipande cha pili hauhitaji kulala popote, unakwenda moja kwa moja kufunika kipande cha kwanza kilichokwisha.

Njia ya ndani na barabara ya nje

Tipa la kawaida lina upana wa mita 2.5. Njia ya gari moja iwe mita 5 za kupita magurudumu, mita 1 ya mtaro upande wa ukuta, na mita 1.5 za tuta la usalama upande wa shimo. Karibu mita 8 kwa jumla. Tuta la usalama lisiwe pambo: kimo chake angalau nusu ya tairi la gari kubwa linaloingia, na tairi la tipa linafika kama mita 1.1, kwa hiyo msishuke chini ya sentimita 60. Mimi huweka 80. Njia iinamishwe kidogo kuelekea mtaroni, asilimia 3 au 4. Dereva atalalamika gari linavuta upande. Muulize anataka livute kuelekea ukutani au shimoni. Gari moja likiwa linapanda, jingine lisubiri juu.

Hiyo barabara ya mita 400 ndiyo inayowagombanisha na watu, basi ifanyeni kabla ya masika na kabla ya tripu ya kwanza ya kuuza. Ondoeni udongo mweusi, usiachwe chini ya barabara, ukilowa ni sabuni. Wekeni moramu yenu wenyewe unene wa sentimita 20 iliyoshindiliwa, upana mita 5. Ni mita za ujazo 400 zikishashindiliwa, kama tripu 50 za tipa la mita 10. Najua itauma kuzimwaga njiani. Lakini tahadhari: moramu tupu haishikani. Magurudumu yanaisaga inakuwa unga, na huo unga ndio uliopo jikoni kwa jirani. Changanyeni tabaka la juu na udongo mwekundu wenye kunata, sehemu 1 ya udongo kwa 4 au 5 za moramu hivi, lowesheni, shindilieni. Jaribio la kienyeji: finyanga konzi moja yenye unyevu, ikifunguka yote mkononi ongeza udongo, ikishikamana kama ya kufinyangia chungu umezidisha.

Barabara iwe na mgongo katikati, maji yaende pande zote mbili. Mitaro itoe maji pembeni kila baada ya mita 20 hadi 40 kwenye mteremko, na si mita zote 400 mpaka getini ndipo yamwagike kama mto. Msiyaelekeze kwenye migomba ya jirani. Mahali barabara inapokatiza kijito cha msimu, usihangaike na kalavati dogo litakalozibwa na matawi mvua ya kwanza; drifti ya mawe na saruji, maji yapite juu yake, inadumu zaidi na ni nafuu. Kila mita 100 wekeni sehemu ya kupishana. Mita 30 za mwisho kabla ya kutokea barabara ya umma ziwe tambarare na za mawe, tope libaki kwenu.

Kuhusu vumbi, spidi kilomita 20 kwa saa inafanya kazi kuliko boza la maji, na haina gharama. Mkiwa na boza, saa 3 asubuhi na saa 8 mchana. Mizigo ifunikwe turubai. Na mwendeeni jirani kabla hajawajia nyie, mpange saa ambazo magari hayatapita. Kama familia yake ina upande mwingine ambao barabara inaweza kusogezwa mbali na nyumba, lipieni hicho kipande. Ni rahisi kuliko kesi.

Kuhusu korongo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mtu atakwambia korongo kavu si mto. Mwambie arudi Aprili. Shimo, tuta na marundo yote yakae nje ya mita hizo 60, na kama barabara ya zamani imo ndani, ulizeni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi kuu yao iko Moshi, kabla hamjaigusa. Juu ya shimo, upande wa mlimani, chimbeni mtaro wa kinga utakaochepusha maji ya mvua, na mahali unapomwaga pawekwe mawe. Maji ya ndani ya shimo yakusanyike kwenye kidimbwi cha kutuliza tope kona ya chini, kizolewe kila baada ya mvua kubwa.

Kurudisha uhai

Kabla ya kumwaga udongo mweusi kwenye sakafu, pasueni sakafu hiyo kwa meno ya kijiko, kina sentimita 50 au 60, kukingama mteremko. Magari yamepita hapo miezi, ni saruji. Watu wakiruka hatua hii wanasema udongo ni mbaya, kumbe mizizi imegonga mwamba wa magurudumu. Kisha mwageni udongo mweusi sentimita 25, usambazwe na kijiko kikiwa kimesimama nyuma, gari lisikanyage tena.

Msimu wa kwanza msipande mti hata mmoja sakafuni. Pandeni ngwara au mbaazi na mzirudishe chini. Kwenye miteremko, mistari ya nyasi za vetiva kila mita 1.5 hadi 2 ya kimo, katikati yake majani ya Guatemala ambayo mtakata kwa ng'ombe. Msimu wa pili leteni miti: mringaringa, mruka, mgrivea, na migunga upande unaokauka zaidi. Kila shimo la mti liwe na debe la samadi, kwa sababu maji yatapita kwenye moramu upesi kuliko mizizi inavyoweza kunywa.

Kama ndugu zako wanadhani haya ni ndoto, wakienda Mombasa wapite Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa peupe kama mfupa. Alijaribu aina 26, nyingi zikafa. Mvinje ndio uliovumilia, lakini majani yake hayakuoza mpaka alipoingiza majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Leo ni msitu. Mwamba wao si kama wenu, msiige mivinje. Cha kuiga ni ule uvumilivu wa kujenga udongo kwanza, na kutokudharau jongoo.

Hela

Siwezi kuwapa bei, ya kijiko inabadilika kila wiki. Nitawapa kipimo kisichobadilika: dakika. Katika zile mita za ujazo 37,400, ukitoa udongo wa aina zote mbili mnabakiwa na moramu ya kuuza kama 26,200 ikiwa ardhini. Ikivimba ni karibu tripu 3,100 za mita 10. Kazi yote ya kurejesha, yaani kufukia la baba, kulaza kuta na kusambaza udongo mweusi, ni kusogeza mita za ujazo 11,700 hivi. Kijiko cha wastani kinasogeza 80 hadi 100 kwa saa. Ni saa 120 mpaka 150. Gawanyeni kwa tripu: kila tripu inabeba dakika 3 za kijiko. Ongezeni dakika 2 kwa ajili ya miche, samadi, vibarua na matengenezo ya barabara.

Kwa hiyo kila tripu inapotoka, pesa ya dakika 5 za kijiko kwa bei ya siku hiyo iingie kwenye akaunti ya pembeni yenye wasaini wawili, mmoja wao asiwe yule anayependa kununua pikipiki. Ikiwa bei mnayouza haibebi dakika hizo 5, basi moramu hiyo mnaiuza kwa hasara hata kama mfukoni mnaona faida.

Makaratasi nitayapita haraka. Leseni ya uchimbaji mdogo kwa vifaa vya ujenzi haizidi hekta 5 na inadumu miaka 7, inahuishwa. Kama iko kwa jina la marehemu, nendeni na nyaraka za mirathi kwa Afisa Madini Mkazi kabla ya kuuza chochote. Mpango wa kulinda mazingira ni sharti la leseni hiyo, kwa hiyo mchoro huu mnaomfanyia mwenyekiti ndio huo huo mtakaoupeleka madini. Waulizeni pia NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, kama eneo lenu linahitaji zaidi ya hapo. Ruhusa ya kuunganisha barabara yenu na ya umma inaombwa TARURA kwa barabara za mitaa, TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa.

Mpelekeeni mwenyekiti karatasi moja kubwa: mpaka, vipande vitatu vyenye namba, njia ya mita 70, tuta la kuzunguka, mitaro, na pembeni picha ya shamba la mwisho. Pelekeni nakala kwa jirani. Na mwenye kijiko akishakubali mita 7 badala ya 10 (atakubali, saa zake za kazi ni karibu zile zile), mwambieni moramu ya kwanza kuchimbwa inakwenda barabarani, na udongo wa kwanza unakwenda kwenye shimo la mzee.